Akaunti ya Duka la Asali Isiandikwe Jina la Mkwe

Wewe mwanamke unayeonja asali kwa ncha ya kidole ukajua imetiwa maji, utakubalije kumkabidhi fedha za wateja wako mtu usiyemjua, eti kwa sababu ametaja asilimia ndogo? Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimeisoma nimesimama kwa hasira. Naichapisha yote ili na wengine wenye maduka ya mtandaoni wasikie. Majina nimebadilisha. Itigi watakutambua tu, ila si kwa mdomo wangu.

*Bibi Marietha, shikamoo. Natumaini hujambo na miguu inaendelea vizuri. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi maana nimekwama na hapa nyumbani sina wa kumwambia. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Itigi, mume wangu Laurian ni seremala, na mwaka juzi nilianzisha kikundi cha akina mama, tuko kumi na mmoja, tunanunua asali kwa warinaji wa porini huku, tunachuja, tunatia kwenye chupa zenye lebo, na mwenzetu mmoja binti yake akatutengenezea duka kwenye mtandao lenye picha na bei, na Bibi usicheke, watu wananunua kweli, wa Arusha, wa Dar, hadi wenye hoteli Nairobi. Wa hapa nchini wanalipa kwa simu hakuna shida, lakini wa nje wanataka kulipa kwa kadi ya benki na duka letu halipokei kadi, basi wanachagua chupa zao, wanafika mahali pa kulipa, wanaondoka, na wawili wenye hoteli walinisomea namba za kadi zao kwenye simu nikaziandika kwenye daftari la kikundi nikasema nitajua mbele ya safari cha kuzifanyia.*

*Nikaanza kutafuta wa kutupokelea malipo ya kadi. Kuna kampuni moja ya mtandaoni tu, inakata asilimia mbili na nusu, haidai karatasi yoyote, unajiunga leo unapokea leo, na Ignas anayeuza vocha hapa stesheni anasema nikiiacha mimi ni mjinga. Na kuna benki ya Singida mjini, wao wanakata tatu na nusu, tena na ada ya kila mwezi, wanataka cheti cha jina la biashara, namba ya mlipa kodi, leseni, muhtasari wa kikao, na ukishapeleka vyote unasubiri wiki tatu. Sasa baba mkwe, Mzee Melkizedeki, aliyekuwa karani wa mizigo reli kabla hawajapunguza watu, ana akaunti kwenye benki hiyo hiyo miaka mingi, pensheni yake inapita humo, akasikia habari zetu, akaja asubuhi akaketi akasema, "Mkwe, hayo ya vyeti yatakuchelewesha. Andikeni jina langu, mimi wananifahamu, wiki hii hii mnapokea." Na Bibi unajua mkwe haambiwi hapana usoni, nikainama nikasema, "Nimesikia, baba." Kumbe kwake hiyo ilikuwa ndiyo, juzi amekuja na fomu imejazwa, mwenye akaunti ni yeye, imebaki sahihi yangu kama mwenyekiti.*

*Mume wangu nilipomwambia akasema, "Yule ni baba, mimi nitasemaje?" Akaendelea na mbao zake. Wenzangu nao hawataki kusikia, Elina ambaye ni mweka hazina wetu kanitamkia mbele ya watu, "Hela ikiingia kwa mkwe wako sisi tutakwenda kuidai wapi, matangani?" na wamesema Jumamosi hiyo nisipokuja na neno la kueleweka kila mtu anachukua ndoo zake, zote ziko arobaini, wanamuuzia mwenye lori la Dodoma na kikundi kife. Nikienda na kampuni ya Ignas nitaanza mara moja na mzee nitamwambia mambo yalijimaliza yenyewe, nikingoja benki kwa jina letu nitakuwa nimemkataa waziwazi. Kikundi hiki ndicho kitu pekee nilichowahi kukianzisha mwenyewe, Bibi. Nifanyeje? Yasinta, Itigi.*

Marahaba, mwanangu. Miguu yangu iache, tushughulike na yako, maana imekanyaga pabaya.

Nianze na daftari. Namba ya kadi ya mtu ni ufunguo wa nyumba yake, na wewe umeuandika katikati ya vipimo vya asali, kwenye daftari linalopitia mikono kumi na mmoja! Siku mwenye hoteli akiibiwa huko kwao, wa kwanza kuulizwa utakuwa nani? Ing'oe karatasi hiyo uichome jikoni leo, Elina akishuhudia, kisha uwapigie wenye kadi uwaambie umeichoma. Na ujue hivi: anayeijua kazi ya kupokea kadi humpa mteja ukurasa wake mwenyewe aandike namba zake humo. Wewe muuza asali huzioni. Unachoona ni kwamba amelipa. Yeyote atakayekwambia umkusanyie namba za wateja, mkimbie kama nyuki.

Haya, tuje kwenye asilimia mbili na nusu. Shule yangu mimi ni darasa la nne, Kinampanda, na sioni haya kusema. Lakini mwaka ule ushirika ulipoishiwa fedha na wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuja mpaka vijijini, alifika kwetu bwana mmoja na mizani inayong'aa, bei yake ya alizeti juu kuliko ya ushirika. Kijiji kizima kilimkimbilia. Mimi nikamuuliza, "Baba, wewe unalala wapi?" Akacheka, akasema, "Mama, unauza alizeti au unatafuta mchumba?" Watu wakaangua kicheko. Nikabeba magunia yangu nikayarudisha ndani. Safari ya kwanza alilipa taslimu, ya pili akachukua kwa mkopo, ya tatu mpaka leo wanaingoja. Waliocheka walikuja kwangu kukopa mbegu, na niliwapa, na niliwakumbusha.

Kwa hiyo kampuni ya Ignas nimeiuliza swali lile lile. Nimepiga namba iliyo kwenye ukurasa wao. Inaita weee, halafu mashine inaniambia niandike barua pepe. Mhariri wa gazeti hili akaniandikia hiyo barua kwao. Leo siku ya nane, kimya. Akanisomea na masharti yao, yale marefu ambayo wewe ungebonyeza "nakubali" bila kuyapitia. Wanaweza kuizuia fedha yako siku tisini wakikutilia shaka, na wakiiachia wanailipa kwa dola kwenye akaunti iliyo nje ya nchi. Unayo akaunti ya nje ya nchi wewe? Ya wapi, Kilimatinde? Unapokea leo, ndiyo, unapokea kwa macho. Na huyo Ignas anayekuita mjinga, mwulize analipwa shilingi ngapi kwa kila mtu anayemwingiza.

Kisha nikavaa viatu nikatoka hapa Mandewa hadi benki hiyo ya Singida mjini. Nikaketi kwenye benchi kama kila mtu.

"Bibi, unaweka au unatoa?" kijana wa dirishani ananiuliza.

"Nauliza."

"Habari za pensheni?"

"Habari za duka la mtandaoni kupokea kadi."

Akaweka kalamu chini, akaniita mezani. Nikamuuliza fedha inafika lini. Siku tatu za kazi, kwenye akaunti ya hapa hapa, kwa shilingi. Nikamuuliza chupa ikivunjikia njiani na mnunuzi akalalamika kwenye benki yake, inakuwaje. Akasema fedha inarudishwa kwanza kwa mnunuzi, inakatwa kwa mwenye akaunti, ndipo muuzaji anapewa siku za kuleta ushahidi kwamba mzigo ulifungwa vizuri, ukatumwa, ukapokelewa. Huna ushahidi, umeliwa. Nikamuuliza tena, mwezi ambao asali hakuna, ada mnakata? "Tunakata, Bibi." Nikamwambia, "Basi nyinyi ni wabaya kuliko fisi, fisi hula penye nyama." Akacheka, akaenda kwa meneja wake, akarudi: vikundi vipya husamehewa ada miezi sita ya kwanza wakiomba kwa barua. Wewe hukuambiwa kwa sababu hukuuliza. Ulipeleka masikio, mdomo ukauacha Itigi.

Hiyo asilimia moja wanayozidi ndiyo bei ya kuwa na meza ya kugonga siku mambo yakiharibika. Ilipe.

Sasa mkwe wako. Simwiti mwizi, na yeyote katika kikundi chenu asimwite hivyo. Yule ni mtu aliyekaa miaka yote na mhuri mkononi, mizigo haipandi behewani mpaka yeye aseme, halafu siku moja akaambiwa aende nyumbani. Amesikia mkwe wake ana kazi yenye fomu, roho imemruka. Namwelewa. Lakini akaunti yenye jina lake ni yake, na siku Mungu akimwita ni ya warithi wake, na akina mama kumi na mmoja watapanga foleni mahakamani kwenye mirathi kuomba fedha ya asali yao. Elina ana ulimi mchafu, ila amesema kweli.

Na kuna jambo mzee mwenyewe hajalijua. Umesikia nilivyoambiwa benki: mnunuzi akilalamika, inakatwa kwa mwenye akaunti. Chupa ikipasuka Nairobi, itakatwa pensheni ya Mzee Melkizedeki! Hapo ndipo penye njia yako. Humwambii hapana. Unamwambia, kupitia kwa mwanawe, kwamba nyinyi hamko tayari kuona jasho lake la reli likiliwa na makosa ya chupa zenu. Mkwe gani atakasirika kwa kulindwa?

Tena mnamhitaji. Ushahidi wa mizigo nani anaujua Itigi nzima kumshinda yeye? Kupima, kufunga isivunjike, kuandika hati ya mzigo, kutunza stakabadhi kwa tarehe, kumpata aliyepokea aweke sahihi: hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Mpeni chumba cha kufungia, mpeni meza, mpeni na posho kwa kila katoni, si bure bure. Hakuna chupa itakayotoka bila yeye. Benki ikidai ushahidi, yeye ndiye atakayeuleta, na jina lake litakuwa kwenye kila karatasi isipokuwa ile ya akaunti.

Na wewe acha kuniambia habari za heshima. Kuinama ni heshima. Kusema "nimesikia" kwa jambo usilolitaka, ukamwacha mzee wa watu ajaze fomu, na sasa upange kumdanganya kwamba mambo yalijimaliza yenyewe, hiyo ni dharau iliyovaa kitenge.

Wenzako nao wapunguze kiwewe cha lori. Asali haiozi! Ingekuwa nyanya ningewaelewa. Muuzieni wa Dodoma ndoo kumi, mwenye shida ya ada za watoto aimalize, thelathini zikae zingoje kadi. Wiki tatu ni nini kwa asali?

Gazeti hili linatoka Jumatano. Laurian, wewe baba watoto, leo jioni uende kwa baba yako ukamweleze habari ya pensheni na habari ya meza, wewe mwenyewe kwa mdomo wako, usimtume mama yako. Yasinta, kesho ita kikao, muhtasari uandike kwamba akaunti ni ya kikundi na watia sahihi ni watatu, kila mwanachama asaini, asiyejua kuandika aweke dole gumba. Ijumaa benki ikifungua milango uwe umesimama pale na vyeti vyako vyote na barua ya kuomba msamaha wa ada. Vyeti ambavyo huna, kavianze siku hiyo hiyo, ofisi zote ziko mji huo huo. Jumamosi uwaambie wenzako tarehe ya kuanza kupokea kadi waliyokupa benki. Inuka sasa hivi, ukawaite.