Mkono wa Kupokelea

Jumatatu, 4 Agosti
Makubazi jozi tatu, zote visigino. Jirani anachomelea mageti tangu asubuhi, kichwa kinaniuma. Gundi imeganda tena. Kuna mtu hafungi kopo, na humu kibandani niko peke yangu.

Mchana kaja mwalimu wa michezo wa shule ya Saumu, binti yangu. Wanacheza besiboli. Hata sijui imefikaje Manzese. Mmoja anarusha kipira kigumu, wa pili anakipiga kwa gongo, wengine wanakidaka kwa glavu kubwa ya ngozi. Saumu hana glavu, na mechi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Asiye na glavu hachezi. Mwalimu kaniachia moja iliyochanika niige. Nimesema naweza. Mdomo wangu huu.

Jumanne, 5 Agosti
Nimeifumua. Nilidhani ni mfuko wenye vidole tu. Kumbe aliyeishona ni fundi kweli. Inashonwa ndani nje, kisha inapinduliwa. Kwenye kiganja kuna kitambaa kizito ili mpira usiumize. Kati ya gumba na kidole cha shahada kuna wavu wa mikanda ya ngozi, mpira unanasia hapo. Saa nzima naishangaa, kazi za watu zimelala.

Jioni nimempima Saumu. Lete mkono. Kaleta wa kulia. Siyo huo, huoni hii ni ya kushoto? Kaleta wa kushoto polepole, kimya. Ana miaka kumi na tano na bado kila kitu umwambie mara mbili.

Alhamisi, 7 Agosti
Sindano mbili zimevunjika. Kidole gumba cha glavu nimekikata vibaya, nikaanza upya.

Mwalimu kapita kuangalia, nayo bado iko ndani nje. Anasema zamani huko Marekani walikuwa wanadaka kwa mikono mitupu, vidole vinateguka. Waliotangulia kuvaa glavu waliona haya. Mmoja alichagua ya rangi ya ngozi yake ili watu wasiione. Nimecheka sana. Mtu mzima anaficha mkono wake mwenyewe! Saumu alikuwepo. Hakucheka.

Jumapili, 10 Agosti
Imekwisha. Nimeipaka mafuta ya nazi, nimeitwanga kwa mchi mpaka ikalainika. Mama Saumu kanisema kwa ajili ya mchi wake.

Nimempa Saumu. Kapokea, "Ahsante baba," kaiweka kabatini. Hata kuijaribu hakuijaribu. Siku zote hizo nimeinama, mgongo unalia, halafu kabatini! Nimekasirika, sikula.

Jumatano, 13 Agosti
Nimefunga kibanda, nimekwenda uwanjani kwao kuona kwa macho yangu.

Mpira umekuja. Saumu kaudaka vizuri. Kisha kavua glavu, kaibana kwapani, ndipo akarusha. Kwa kushoto. Mpira umekwenda kama risasi, lakini mpinzani aliyekuwa anakimbilia kituo alishafika zamani.

Mwalimu kanishangaa kushona ya kushoto. Glavu zote za shule ni za mkono wa kushoto, za wanaorushia kulia. Ndiyo maana alikuja kwangu, Saumu apate ya kulia. Saumu alimwahidi kwamba hilo atanieleza mwenyewe.

Hakunieleza. Nyumbani anaandika kwa kulia, anakula kwa kulia. Mimi ndiye niliyemfundisha. Alipokuwa na miaka sita nilimfunga mkono wa kushoto kwa kipande cha kanga, wiki nzima, mpaka akazoea. Nilijisifu kwa majirani.

Mama Saumu alijua. Muuza chipsi alijua. Mtaa mzima umemwona akirusha, isipokuwa baba yake. Nina hasira na wote. Zaidi nina hasira na mimi.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimemuuliza kwa nini alinyamaza wakati nampima.

"Ningesemaje, baba? Si ungenifunga tena?"

Nimechukua kamba ya kupimia, nikamwambia alete mkono. Kaleta wa kulia. Nilipokuwa naandika vipimo akasema taratibu, "Mie naona usikasirike sana. Wewe si ndo ulinifunza kupokea ni kwa kulia? Mpira nao napokea kwa huohuo."

Nimekosea kuandika vipimo. Nimempima mara ya pili.

Ngozi nzuri iliyobaki ni ya makubazi ya bwana harusi wa Boko. Nimeikata. Atapiga kelele. Apige.

Ijumaa, 15 Agosti
Nimeshona tangu alfajiri, nimesimama kwa sala tu. Bwana harusi kapiga simu mara nne. Sindano nyingine imevunjika. Mchi nimeuchukua bila kuomba, safari hii Mama Saumu kanyamaza. Kabla ya magharibi nimeipindua. Gumba limekaa sawa.

Jumamosi, 16 Agosti
Wameshindwa. Mchezo wenyewe bado sijauelewa.

Saumu kadaka mipira mitatu. Kulia kapokea, kushoto karusha, hakuna kuvua. Mzee mmoja pembeni kaguna, binti gani huyu wa shoto. Nikamwambia, ni wangu.

Jioni kaja kibandani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mkanda mmoja wa wavu umelegea. Kaninyooshea glavu kwa mkono wa kushoto. Kisha kakumbuka, akataka kuurudisha.

Nimepokea kabla hajaurudisha. Mkanda nitaukaza kesho.