Boljointi Iliyotangulia Harusini

Kibaoni, Mpimbwe,
Mpanda.
19 Agosti, 1998

Mpendwa mdogo wangu Agape,

Hamjambo huko Tanga? Shemeji anaendeleaje na kazi? Na huyo mchanga wetu, ananyonya vizuri? Sisi huku wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, jua likipanda anatembea bila kulalamika. Mpunga tumevuna, tunashukuru.

Najua unataka neno moja tu, kwa hiyo nalitanguliza: Yotham ameoa! Kaka yetu ameoa Jumamosi, na sasa hivi Providence yuko jikoni na Mama wanabishana juu ya chumvi. Lakini mdogo wangu, ilibaki kidogo sana tukose mke.

Unakumbuka mwezi wa tatu mvua ilipokata barabara tukashindwa kufika. Mzee Libérat, baba yake Providence, alikaa kanisani Mpanda na wageni wake kutoka Katumba mpaka jioni, bwana harusi hayupo. Akatuma neno kwamba tukikosa mara nyingine tusirudi tena kwake. Na yule mzee hana mzaha.

Sasa njoo kwenye pikapu ya shemeji yako Selestine. Tangu mavuno ilikuwa inayumba, usukani unavuta kushoto, tairi la kushoto linalika upande wa ndani. Nikamwambia hapa pana ugonjwa. Akasema tairi ni bovu, akalihamishia kulia. Lililokuja kushoto nalo likaanza kulika! Akasema basi ni barabara. Wanaume hawa, kila kitu kibovu isipokuwa gari lao. Na sauti yoyote hatukuisikia, maana pikapu ile haitembei bila kwaya. Hata ikitoka Mamba na mpunga, wamo juu ya magunia wanaimba, Ezekia mwalimu wao anapiga ngoma.

Jumamosi tukatoka alfajiri. Yotham mbele, suti kaifunika khanga vumbi lisiingie, sisi nyuma tunaimba mpaka koo linauma. Tulipokuwa katikati ya hifadhi, tukakuta tembo na watoto wao wamesimama kando ya barabara. Selestine akatoa mkono dirishani: nyamazeni nyie! Hata Ezekia akanyamaza. Tembo wakavuka, wala hawakutujali. Gari likaondoka taratibu, na katika ule ukimya ndipo tukasikia mbele kushoto, ko! ko! ko! Kila shimo, ko! Hakuna aliyeimba tena mpaka Sitalike.

Pale yupo fundi anaitwa Fabiani. Akapiga jeki, akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Likacheza kama jino la mtoto. Akaingiza nondo chini ya tairi akanyanyua, akatuita tuone. Ilikuwa boljointi ya chini, kile kiungo kinachoshikilia gurudumu lipande, lishuke na ligeuke. Mpira wake umepasuka, grisi imekwisha, mchanga umeingia na chuma kimelika. Akasema ikichomoka, gurudumu linalala na gari linapinduka. Shemeji yako akakaa juu ya jiwe. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, nikayameza kwa heshima ya harusi. Nyumbani aliyapata yote.

Ezekia akasema twende polepole hivyo hivyo, Mpanda si mbali. Wengi tukakubali, na mimi nilikuwemo, nilikuwa nauona uso wa Mzee Libérat tu. Aliyekataa ni Yotham. Akavua koti la harusi, akasema, "Nikimkosa Providence nitalia mimi peke yangu. Hili likipinduka watalia watoto wa watu." Kisha akatupa mgongo tusimwone. Agape, nililia.

Fabiani akafungua gurudumu, akachomoa pini, akalegeza nati, akagonga na nyundo mpaka boljointi ikaachia. Unajua ukienda dukani bila spea ya zamani wanakupa isiyoingia. Kwa bahati likaja lori la mpunga linaloelekea Mpanda. Dereva wake, Nyanda, tukamkabidhi chuma kile akipeleke kanisani kwa Mzee Libérat, amweleze yaliyotupata, itafutwe nyingine kama ile. Hebu fikiria! Wakwe wanangoja bwana harusi, wanaletewa chuma cheusi kimefungwa kwenye kitambaa! Nikasema leo tumekwisha.

Chakula tulikuwa nacho, hakuna aliyekigusa. Yotham alisimama barabarani muda wote. Mchana ukiwa umekwenda sana tukaona vumbi. Mzee Libérat mwenyewe, suti na tai, ndani ya pikapu iliyopambwa maua ya bibi harusi. Akashuka, salamu hakuna. Akaenda moja kwa moja kwenye gurudumu, akachungulia, akampa Fabiani boljointi mbili mpya, ya kushoto na ya kulia, maana ukibadilisha upande mmoja tu, huo mwingine utakusumbua kesho. Akavua koti, akashika spana. Yeye na Yotham chini ya gari, mtu na mkwe wake. Walipomaliza, Mzee akashika gurudumu juu na chini, akatikisa kwa nguvu zake zote. Halikucheza. Akaguna, akasema twendeni, mchungaji anangoja.

Ndoa ikafungwa jioni. Vigelegele usiseme! Kwenye sherehe Mzee akasimama kutoa neno. "Asubuhi nilingoja mkwe," akasema, "nikaletewa chuma." Watu wakacheka, hata Yotham. Akangoja watulie. Akasema tangu binti yake aposwe, usiku hapati usingizi, anawaza anampa mtu wa namna gani. Leo Nyanda amemwambia ni nani aliyezuia gari lisiondoke, akijua kabisa atakosa mke.

"Leo nitalala," akasema. Akakaa, akafunika uso kwa mikono, na Providence akaondoka kwenye kiti chake cha bibi harusi akaenda kupiga magoti mbele ya baba yake.

Mama anakusalimu sana, anataka picha ya mtoto. Selestine na Ezekia wanakusalimu. Wifi yako Providence anasema anakungoja akuone kwa macho. Mungu awatunze wote watatu, akuze mtoto.

Ni mimi dada yako nikupendaye siku zote,

Esteria