Vichali vya Lambo Letu

Mayu, mama yangu,

Mwangaluka! Najua umeitika "mhola" kabla wifi hajaendelea kukusomea, basi moyo umetulia. Mguu unaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi ya huku Ubelgiji imenipasua midomo, na hakuna anayeniita Kabula vile unavyoniita wewe.

Mzigo wako umefika. Nikaufungua kwa pupa, nikakuta michembe tupu, viazi vitamu vyako vya kukausha. Tope liko wapi? Nilikuomba tope kavu la lambo letu, nikahangaikia na kibali chake, nawe kwenye simu unaniambia, "Mwanangu, nikutumie uchafu Ulaya? Wazungu si watanicheka!" Kumbe umelimwaga nyuma ya zizi. Jamani Mayu! Nilikasirika, nisikufiche. Kisha nikacheka peke yangu jikoni, halafu nikalia.

Tope lile lina mayai ya vichali. Unavikumbuka? Vile vidudu vyembamba, jamaa wa kamba, vinavyoogelea chali mvua ikijaza lambo. Mimi na kaka Shija tulikuwa tunavinasa kwa kikombe, unatuchapa kwa kuvuruga maji ya ndama. Lambo likikauka vinakufa, mayai yanabaki kwenye udongo yakingoja. Aina hii hatujaiona kwingine. Na sasa Shija anataka kulichimba lambo na kumwaga vifaranga vya perege. Mayu, perege watavila vyote msimu mmoja! Mkuu wangu wa maabara yuko tayari kuiandikia halmashauri lambo lisiguswe, lakini anataka kuviona vikiwa hai kwanza.

Basi nikaosha michembe yako kwa maji ya mvua niliyokinga, maana ya bomba yana dawa. Yakatoka meusi. Nilitaka kuyamwaga nikashindwa, yalinukia mbuga yetu ya Kasoli. Nikayaacha kwenye beseni dirishani. Siku ya pili nikaona vinukta vinarukaruka. Nikavilisha, nikavilinda, hata kazini nikachelewa. Leo asubuhi vimegeuka chali, vyote! Kumbe michembe uliianika palepale kwenye lambo kavu, kuku wasiifikie, ikaja na tope na mayai yake!

Nimembebea mkuu beseni lenyewe mikononi. Ameinama, ametazama, akaomba kalamu.

Mwambie Shija asubiri. Bwawa lake la perege nitamsaidia kulichimba kando, kwa jembe, malengelenge yanitoke. Nisalimie shangazi Milembe wa duka la Dutwa, na wifi anayekusomea hii, asiruke hapa pa kusifiwa sauti yake.

Mayu, nimekukumbuka mpaka naumwa. Vichali vinaweza kukaa vikavu miaka na miaka vikingoja maji ya kwao. Mimi miaka minne imenishinda. Likizo nimeomba, nimepewa, nakuja na mvua za kwanza. Nilikute lambo, nikukute na wewe.

Na michembe anika palepale.

Mwanao,
Kabula