Vikombe Kumi vya Bukoba

Jumatatu, 2 Agosti 1993. Bukoba

…na hata kwa miguu hii iliyovimba, ningemfuata Ouma popote. Hilo ndilo nililokuwa nikimwambia melini usingizi uliponichukua. Migori, Sirare, Musoma, Mwanza, kisha maji matupu usiku kucha. Wiki tatu tu tangu harusi. Nimechoka hata kushika kalamu. Yeye amelala mdomo wazi, na bado ni mzuri.

Kesho ni mtihani. Chama chetu cha wakulima wa kahawa kule Migori kinatafuta mwonjaji, na kimemtuma Ouma apimwe hapa. Ouma akifaulu, anapata kazi na chumba Migori mjini. Chumba chetu. Jiko letu. Akishindwa, tunarudi kwenye simba yake, kile kibanda cha kijana uani kwa wazazi, nami niendelee kupika jikoni kwa mama mkwe, nikiuliza chumvi ni kiasi gani.

Jumanne, 3 Agosti

Kiwanda cha kukaanga kahawa ni kikubwa kama mji. Mapipa ya chuma yanazunguka, punje zinapasuka kama bisi. Harufu imeingia hadi kwenye kitambaa changu cha kichwa. Ouma alinishika mkono mbele ya watu. Nilisahau miguu.

Kisha vikombe kumi mezani. Alivitayarisha mwonjaji mkuu mwenyewe, Mama Koku, mama mwenye mvi. Akaonyesha: fyonza kwa kelele, zungusha mdomoni, tema kwenye ndoo, sema kipi kimeharibika.

Ouma alimeza. Vyote. Cha tisa hakukitofautisha na cha kwanza.

“Bwana, umekuja kuonja au kushiba?” Mama Koku akauliza. Wafanyakazi wakacheka. Ameshindwa.

Nje nikamwuliza kwa nini. “Nyar Asumbi,” akasema, maana mimi ni binti wa Asumbi, “mama mzima amenipikia. Nitatemaje mbele yake?”

Nilikasirika. Nikampenda. Vyote pamoja, na jua kali.

Nikarudi ndani peke yangu, nikamweleza Mama Koku kwamba kwetu kutema cha mwenyeji ni kumtukana. Hakucheka. Akasema hapa kutema ndiyo heshima. Ouma akishajua kutema, nimlete tena.

Ijumaa, 6 Agosti. Nyumbani

Maji. Kuni. Kufagia. Mgongo si wangu.

Asubuhi Ouma alianza mazoezi kwa chai ya mama yake. Akafyonza, akatema nyasini. “Chai yangu imekukosea nini?” Mama mkwe akachukua birika lake, akaingia jikoni. Nimelia kidogo. Uchovu tu.

Jumapili, 8 Agosti

Baada ya kanisa nilimweleza mama mkwe yote. Hata la chumba, ambalo ndilo nililoogopa. Aliendelea kusonga ugali.

Alasiri akatoka na beseni lake la zamani na vikombe vitano vya chai. Akaliweka miguuni pa Ouma. “Tema humo. Usinichafulie uwanja.”

Ouma alifyonza, akatema, mara tano. Cha nne, akasema, maziwa yameanza kuchacha. Mama mkwe akaangalia upande mwingine. “Ni ya jana,” akasema. Akachukua beseni, akaenda kumwaga mwenyewe.

Miguu bado imevimba. Nimemwandikia Mama Koku barua fupi: tutakuja kabla ya mwezi huu kwisha.