Michikichi Kumi na Moja ya Baba Mkwe

Shangazi Yunisi, shikamoo. Kipindi chako huwa nakisikiliza kila Alhamisi nikiwa kwenye cherehani hapa Bangwe, na nimewacheka wengi wanaokuandikia, nikisema mtu mzima unajiingizaje kwenye mambo ya kijinga namna hiyo, sasa leo zamu ni yangu, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana nimekwama na aliyenikwamisha ni mimi mwenyewe.

Mimi ni fundi nguo. Nimeoa kijijini Mwamgongo, na ukweni nina heshima ambayo sikuifanyia kazi, niliipata kwa sababu nilikuwa wa kwanza kufika pale na simu ya kupangusa na kuwasomea habari kwa sauti, wakaanza kuniita Bwana Mtandao, na mimi badala ya kuwaambia kwamba nusu ya ninayoyasoma siyaelewi, nikanunua miwani. Macho yangu ni mazima, Shangazi. Miwani ni ya urembo tu.

Pasaka tulikwenda ukweni na mke wangu Marcelina. Baba mkwe, Mzee Gervasi, ana michikichi arobaini na miwili, aliipanda na marehemu kaka yake, na mawese yake ndiyo yaliyomsomesha Marcelina. Akanipeleka shambani akanionyesha kumi na moja iliyokuwa imegeuka rangi, majani ya chini yote njano inayoelekea kwenye chungwa, akasema, "Mkwe, wewe ndiye unayesoma. Hiki ni kitu gani?"

Mtu mwenye akili angejibu kwamba hajui. Mimi nilipiga picha, nikapanda juu ya jiwe ambapo mtandao unashika, nikaandika hivi, nakumbuka neno kwa neno: "ugonjwa hatari wa michikichi majani njano unaua shamba lote." Simu ikaniletea hatari kama nilivyoiagiza. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa Kiingereza, nikaiambia simu initafsirie, ikatafsiri nusunusu, nikaelewa kwamba miti ikiwa njano ikatwe na kuchomwa upesi kabla haijaambukiza mingine. Sikufungua ukurasa wa pili. Nikavaa miwani, nikawasomea watu wote pale nyumbani, nimesimama.

Mama mkwe alikuwa anachambua maharage, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, una hakika?"

Nikamjibu, "Mama, hii ni sayansi."

Baba mkwe alichukua shoka yeye mwenyewe. Siku mbili tulikata, na miwili kati ya hiyo ilikuwa na vichala. Alipofika kwenye ule wa mwisho aliushika shina kidogo, kisha akakata. Mimi nilikuwa pembeni nampiga picha.

Sasa wiki iliyopita akanipigia simu, ana furaha, anasema majirani nao wameona njano mashambani mwao, jirani yake Nizigama peke yake ana ishirini, na wamekubaliana Jumamosi ijayo kijiji kikate kwa pamoja, wananisubiri nije na picha kubwa ya huo ugonjwa niwafungulie kazi. Nilifurahi, Shangazi, sikufichi. Nikaenda maktaba mjini kutafuta kitabu kikubwa cha kuwaonyesha, siyo kwa kusoma, kwa kushika tu.

Mkutubi pale ni mama mmoja anaitwa Regina. Nikamwonyesha ule ukurasa wangu. Akausoma wote, mpaka chini, jambo ambalo mimi sikuwa nimelifanya, kisha akaniuliza, "Baba, huu unahusu mti gani?"

"Michikichi," nikasema.

"Hapana. Huu unahusu minazi. Kwa Kiingereza mnazi, mchikichi na mtende yote inaweza kuitwa kwa neno moja. Na umeandikwa na nani? Hapa sioni jina wala tarehe. Naona namba ya mtu anayeuza dawa."

Akanyanyuka akaniletea kijitabu cha kilimo cha michikichi, chembamba kuliko daftari la mwanafunzi. Ukurasa wa kumi na nne kulikuwa na picha, nikadhani wamepiga shambani kwa baba mkwe. Kinasema majani ya chini yakiwa na rangi ya chungwa, mara nyingi ni udongo umepungukiwa na madini ya magnesiamu, mti haufi, unawekewa mbolea yake. Kinasema ukitaka kuthibitisha, inua jani lililofunika jingine, pale palipokuwa na kivuli utakuta bado kijani. Mama Regina akaniomba ile picha niliyopiga Pasaka, akaivuta iwe kubwa. Kijani kilikuwepo, Shangazi. Wiki zote hizo nilikuwa natembea na jibu mfukoni, upande wa picha.

Leo ni siku ya sita nalijua hili na sijamwambia mtu. Marcelina amenipigia pasi shati la Jumamosi. Nimefikiria kusema ugonjwa umeshatoweka wenyewe, nimefikiria kujifanya naumwa, nimefikiria hata kuwaambia wataalamu wamebadili mawazo. Nikisema kweli, nitakuwa mkwe aliyemkatisha mzee miti yake kumi na moja mizima. Nikinyamaza, kijiji kinakata. Najua jibu ni lipi, naomba unipe namna ya kulisema nisife kwa aibu.

Bwana Mtandao, Bangwe

SHANGAZI YUNISI ANAJIBU

Marahaba, Bwana Mtandao. Wenzako waliotangulia kuandika wanisamehe, nimekupitisha mbele yao kwa sababu wao shida zao hazina mashoka.

Kwanza acha kusikiliza redio, mpigie mzee simu. Mwambie maneno haya, usiyapambe: "Baba, zuia watu wasikate. Nilikosea, nakuja kueleza." Ukianza na "wataalamu wamesema" nitajua, na yeye atajua.

Umeniomba namna ya kusema usione aibu. Hiyo sina. Aibu utaiona, na ni halali yako. Siku sita umekaa na habari inayoweza kuokoa shamba la Nizigama, ukitafuta uongo utakaokukaa vizuri kama unavyotafuta kola. Hilo ndilo limeniudhi. Kukosea Pasaka kunasameheka: uliulizwa na mkwe mbele ya watu, ukataka kufaa. Wengi wetu tungepanda juu ya jiwe hilo.

Mimi michikichi siijui, kwa hiyo kabla ya kukujibu nimemuuliza bwana shamba. Amesema kijitabu hicho ni cha kuaminika, lakini njano ina sababu zaidi ya moja, hivyo hata mama Regina hawezi kupima shamba akiwa mezani kwake. Nenda kwa afisa kilimo, mwombe muende pamoja Ijumaa, na akishindwa muulize ni nani mwingine anaweza. Usiende tena peke yako na simu.

Na hiyo simu usiitupe, haikukosea. Uliiuliza kuhusu hatari inayoua shamba lote, ikakuletea. Siku nyingine andika unachokiona, siyo unachokiogopa: mchikichi, majani ya chini, rangi ya chungwa, Kigoma. Ukipata jibu, shuka mpaka chini ya ukurasa uone nani kaandika, lini, na kama anauza kitu. Halafu tafuta mwingine asiyemjua huyo wa kwanza, uone kama wanakubaliana. Usipoelewa lugha, usikisie, nenda maktaba ukaulize. Mama Regina kakaa pale anasubiri kuulizwa, na wewe ulikwenda kutafuta kitabu cha kushika.

Marcelina mwambie leo, kabla ya mzee kumpigia. Shati livae, limeshapigwa pasi. Miwani iache Bangwe.

BARUA YA PILI, BAADA YA WIKI TATU

Shangazi, nilipiga simu kipindi kikiwa hakijaisha. Marcelina alilia kidogo, kisha akasema tunakwenda wote. Ijumaa tulipanda boti Kibirizi pamoja na afisa kilimo, dada mmoja anaitwa Kaneza, mpole sana, aliinua majani shamba kwa shamba akawaonyesha watu kijani mahali penye kivuli. Akachukua na udongo wa kupima. Nizigama alikuwa ameshaangusha miwili asubuhi ile kabla habari haijamfikia, hakungoja Jumamosi. Aliniangalia, akaenda kuketi.

Nilisimama nikasema nilisoma habari za minazi. Watu walicheka, na mimi nikacheka, lakini baba mkwe hakucheka. Tulipobaki wawili, kwenye vile visiki, nikasubiri anifukuze.

Akasema, "Ulisema, nikakata. Sikukuuliza umejuaje. Mama yenu ndiye aliyeuliza, na wote wawili hatukumsikiliza."

Jioni alinipa chakula lakini hakuniita mkwe, na tangu siku hiyo hakunipigia simu. Sikumlaumu.

Juzi akapiga. Mbuzi wake wawili wanakohoa na kutoa kamasi, akaeleza yote taratibu kisha akaningoja. Simu nyingine, ile ya Marcelina, ilikuwa mezani mbele yangu, na bando lilikuwepo.

Nikasema, "Sijui, baba. Nipe mpaka kesho nimwulize daktari wa mifugo."

Kisha akasema, "Haya, mkwe. Nangoja."