Awino, Nilimwambia Una Homa

Awino rafiki yangu,

Asubuhi ya leo nimekoka moto kibandani, nikateleka chai, kisha nikauliza kwa sauti, kwa Kichina chetu, "Chi le ma?" Umekula? Nilikuwa nimeshageuka kukutazama. Mtu wa bodaboda aliyekuwa akisubiri mandazi alinitazama, akatazama nyuma yake, akarudi kunitazama mimi. Nikamwambia ni mazoea tu, baba. Miezi minne imepita na bado nasahau kuwa umekufa, hasa asubuhi.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nililolifanya baada yako, na wa nyumbani kwako hawalijui. Ni heri ulisikie kutoka kwangu.

Kwanza habari. Binti yako Beryl amerudi kazini Homa Bay, anajikaza. Samaki sasa nawanunua mwenyewe ufuoni na wananipunja, maana sijui kununa kama wewe. Kibanda kinakwenda. Ila hakuna mtu wa kuongea naye, na unavyonijua mimi, hilo ni sawa na kusema hakuna hewa.

Watu wa Karungu walidhani tulijifunza Kichina ili tuuze. Ni kweli, mwanzoni. Kambi ya wajenzi wa barabara ilipokuwa hapa, Mzee Liu, mpishi wao, alikuja kila siku kutafuta samaki wabichi, tukaona tusibaki kuonyeshana kwa vidole. Tukagawana kazi. Mimi nikachukua maneno ya kila siku: karibu, kaa, kula polepole, rudisha gari nyuma, pole na kazi. Wewe ukachukua misemo. Ulisema maneno ya kila siku ni ya kuuzia, misemo ndiyo ya kuongea. Mimi nilidhani unakwepa kazi.

Mzee Liu alikuwa akikupa msemo, nawe huandiki maana yake. Ulikuwa unatafuta mtu wa kuubeba, kama tufanyavyo kwenye pakruok watu wanaposifiana na kupachikana majina. Katekista wetu, ambaye baada ya amina huanza sala nyingine, akawa Hua She Tian Zu, yule aliyechora nyoka akamwongezea miguu. Shemeji yako asiyesikia la mtu akawa Dui Niu Tan Qin. Wachina humpigia ng'ombe kinanda, Waswahili humpigia mbuzi gitaa, na wewe ukasema Shemeji amepigiwa nyatiti mpaka nyuzi zimekatika. Siku hiyo chapati ziliungua. Sisi wawili Mzee Liu alituita Ban Jin Ba Liang. Tulitembea na jina hilo mwezi mzima, vifua mbele, ndipo akatuambia ni la watu wawili ambao hakuna aliye afadhali kati yao.

Kambi ilipofungwa akarudi kwao. Tukabaki na lugha ya watu wawili katika Karungu nzima, na simu yako, ambayo haikumaliza siku mbili bila kuleta sauti yake.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Siku ya nne baada ya kukuzika, Beryl alinipa simu hiyo. Alisema, "Anti, huyu Mchina wa Mama anatuma tu voice na sisi hatuelewi kitu. Please, mwambie." Nilikubali. Nilijua namna ya kumwambia, maana kwetu kifo hakimwagwi juu ya mtu aliye mbali. Unaanza kwa kusema mgonjwa ana homa. Kesho yake unasema amezidiwa. Kesho kutwa unamwambia aje nyumbani, na akiwa njiani mwenyewe anaelewa. Basi nikabonyeza simu, nikasema kwa Kichina changu cha kuuzia: Awino ana homa, sauti imemkauka, mimi Akoth namsemea. Hiyo ilikuwa hatua ya kwanza. Ya pili ningeipiga kesho.

Alijibu saa hiyo hiyo. Aliuliza kama unakula, kama unalala, kama una kikohozi. Akasema nikuchemshie tangawizi na nikufunike miguu. Nami nilimjibu, Awino. Nilimjibu yote. Umekunywa uji. Umelala kidogo mchana. Nilikuwa nimekaa siku kadhaa bila mtu wa kuongea naye kile tulichokuwa tukiongea mimi na wewe, na sasa yuko mtu ananiuliza habari zako kana kwamba zipo. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho ikazaa kesho. Wiki ya tatu ulianza kupata nafuu. Kisha nikaogopa kwamba ukipona atataka kusikia sauti yako, nikakurudishia homa.

Usinicheke. Au nicheke tu, ningependa kusikia.

Mara nyingine alitia msemo ndani ya maneno yake, akidhani nitakufikishia. Anasema, kisha anangoja kicheko, na mimi nilichosikia ni jina la katekista. Wewe ndiye uliyekuwa na nusu ile nyingine. Yangu peke yake inatosha kuuza samaki, haitoshi kumfariji mtu.

Wiki mbili zilizopita akaniambia kuna kifurushi chako mjini Migori, kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Mchina mwenzake. Nikaenda. Yalikuwa maua makavu ya manjano, ya kuchemsha kama chai ili kushusha homa. Juu ya karatasi alikuwa ameandika kwa herufi zetu, kubwa kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza: AWINO. Mzee wa watu alikaa chini akajifunza kuandika jina la mgonjwa wake. Nilisimama kati ya mabati na misumari nikaona haya kama mwizi.

Nilimpigia pale pale, nje ya duka. Nikamuuliza kama amekula. Amekula. Uko na nani? Yuko na binti yake. Umekaa? Hapo nikasikia kiti kikivutwa. Aliishi nasi miaka mitatu, na aliwaona vijana wetu wa kambini wakipigiwa simu kutoka nyumbani na kuulizwa maswali hayo hayo. Nikamwambia Awino alikufa. Nilitumia neno lile tunalotumia kwa kuku na mbuzi, maana ndilo nililokuwa nalo, na nikajichukia. Akauliza lini. Nikamtajia mwezi.

Alisema polepole, ili nielewe kila neno, "Siku zote hizo nimekuwa nikimwambia apone." Kisha akakata.

Siku tisa hakukuwa na sauti. Hata nilipomzika mume wangu sikuwa mpweke namna hii, kwa sababu wakati ule ulikuwepo wewe, ukaja na mkeka wako ukalala kwangu mpaka nikakufukuza. Sasa nilimwambia muuza nyanya pole na kazi kwa Kichina, "xinku le", akanijibu kwamba mbivu zimeisha. Binti yangu aliye Oyugis anataka nihamie kwake. Anasema Karungu sina mtu tena.

Hasira ya Mzee Liu haikuniuma kama kujua kwamba ana haki nayo. Wewe unajua kwetu mtu akifichwa msiba anakuwaje. Anaweza asikanyage boma lako tena maisha yake yote, na hakuna atakayemlaumu. Mimi nilimnyima kukulilia ili nipate mtu wa kuongea naye. Nimeligeuza jambo hili pande zote na sioni linapokuwa zuri.

Jana mchana simu yako ikalia. Ujumbe mmoja, mfupi. Hakunisalimu. Aliuliza umezikwa upande gani wa nyumba.

Nilikaa chini. Aliona mazishi ya kwetu akiwa hapa, anajua kuna upande wa mume na upande wa mke, na alitaka akiinama huko kwao kukupa heshima ya mwisho ajue akufikirie wapi. Nikampigia. Kwa hilo sikuhitaji msemo. Maneno hayo ninayo tangu nilipokuwa nikiwaelekeza madereva wa malori ya kambi wasitugongee kibanda: ukitoka mlangoni, "zuobian", kushoto. Mumeo yuko kulia. Nikamweleza udongo ulivyokuwa mwekundu, na mvua iliyotukimbiza kabla hatujamaliza, na wanawake wa soko waliokuja wote na leso za rangi moja. Nilikosea maneno mengi na hakunisahihisha hata moja. Kisha nikamsikia analia, kilio cha mtu mzima aliyeziba mdomo kwa mkono. Mimi kwenye mazishi yako sikulia, nilikuwa nimeshika mwiko, nikipikia watu. Jana nililia, Awino, na wateja wakajipakulia wenyewe.

Hajasema amenisamehe, wala sikumwomba haraka. Amesema tu atapiga Jumapili. Oyugis siendi kwa sasa.

Nakuahidi kwamba habari zako nitazisema kama zilivyo, kwa lugha yoyote nitakayoulizwa, hata pale nitakapokuwa na maneno mabaya tu ya kuzisemea. Beryl nitamwambia mwenyewe nilivyochelewa, kabla hajasikia kwingine. Lala salama, rafiki yangu. Kila aliyekupenda ameshaambiwa. Hakuna tena mahali duniani ambapo wewe ni mgonjwa.

Akoth