Kitambaa Cheusi kwenye Foto ya Noël

Dzaleka, tarehe 3 mwezi wa nane 2025

Bénie mujukuu wangu,

Nakusalimia sana. Mi niko muzima, ni magoti tu njo inanisumbua, lakini magoti si mutu, tuyaache. We uko muzima? Unakula? Hamissi ananiambia umekonda. Nikamuambia ye ni muuza vitenge, anajua kupima nguo, hajui kupima mutoto yangu. Lakini kula. Nsima bila mboga mi sihesabu kama chakula.

Habari njo hii. Mwezi wa kumi kanisa yetu itafanya fête, sikukuu yake, na Pasteur Ambroise anatafuta foto za familles zilizoianzisha hapa kambini, azikuze, azitundike ukutani, batoto bajue walitoka wapi. Alianza na yetu. Angeanza na nani mwingine? Babu yako Zihindula njo alikaa kwenye mashine yake ya kushona akaunga masheeting kumi na mbili, zile turubai za plastiki, ikakuwa kanisa. Mvua ya kwanza haikuingia hata tone. Na mashine yenyewe aliitoa Bukavu, akaibeba kichwani, akavuka nayo ziwa, batu wakimcheka kama ameacha masufuria akabeba chuma.

Foto iko ile moja tu, ya Noël, krismasi ya 1999, unaijua. Babu amekaa, mi nimesimama nyuma yake, Tante yako Marlène kuume, na kushoto yule wa kitambaa cheusi usoni. Pasteur amekataa. Anasema kanisani hatutundike mutu aliyefunikwa uso. Basi nimempa Hamissi akuletee. Peleka kwa Ndayiragije, yule Murundi wa studio pale Lilongwe. Wanasema kompyuta yake inafuta mutu na kuweka pazia pahali pake. Afute, tubakie watatu. Babu aliapa hatamuangalia tena mutu aliyeuza mashine ile, na mi sitavunja neno lake eti juu amekufa.

We usifungue kitambaa. Ndayiragije afungue, afute palepale.

Ni mimi Koko yako,
Annonciata

Kifungo cha koti yangu kimetoka. Kinakungojea. Miaka arobaini muke wa fundi, na sijui kushona hata kifungo, sitaanza leo.

~

Nsungwi, Lilongwe, tarehe 12 mwezi wa nane

Koko yangu mupenzi,

Bonjour na mapendo mengi. Niko muzima, na nakula, Hamissi ni muongo. Magoti inaendelea aje? Zikomo kwa maharagi. Mama Gabriella, patronne yangu wa atelier ya kushona, aliyaonja akasema mutu aliyeyapika asikae mbali hivyo. Sasa ananiachia makola ya uniforme mi peke yangu, ata harudii kuangalia.

Foto ilifika vizuri, imefungwa ndani ya vitenge vitatu. Nikapeleka kwa Ndayiragije. Akasema kufuta si kazi, ni dakika kumi. Akachukua wembe. Kisha akaniuliza, "Huyu njo nani?" Nikasema, "Ni papa yangu." Nilisikia haya, Koko. Mutu mukubwa nasimama mbele ya kipande ya kitambaa ya gabardine, naiita papa. Ndayiragije akaweka wembe chini. Akasema, "Dada, kwanza muongee nyumbani."

Usikasirike. Niko na miaka makumi mbili na moja. We unasema sura yangu ni ya mama yangu Régine. Tante Marlène anasema hapana, ni ya kaka yake mutupu. Nikisimama kwa kioo sijui ni nani ananiangalia. Hakuna foto ingine ya papa popote. Wakifuta hii, nitakufa sijamuona. Nakuomba nimuone mara moja tu, kisha bafute kama vile unataka.

Sijafungua. Naapa.

Mujukuu wako,
Bénie

~

Dzaleka, tarehe 15 mwezi wa nane

Bénie,

Salamu. Niko muzima. Jibu ni hapana.

Na juu we si mutoto tena, nitakuambia kwa nini, mara moja, tusirudie. Mama yako alikufa wewe hauna hata siku arobaini. Papa yako Fabien alichanganyikiwa, hilo nakubali. Alikuwa analala chini mlangoni kama mutu anayengoja kuitwa. Siku moja mi niko kwenye foleni ya mahindi na wewe mugongoni, Babu yuko kanisani. Tukarudi: mashine haiko, Fabien hayuko. Jirani akasema aliiuza mjini Dowa, akapanda bus ya kwenda Afrika ya Kusini. Hakukuaga hata wewe uliyekuwa hauna jino.

Babu alikaa kwenye kiti chake wiki mbili. Hakulia. Mguu wake njo ulikuwa unakanyaga chini, unakanyaga, unatafuta pedali. Mi nilikuwa natoka inje nisiuone. Kisha akaondoa foto ukutani, akakata gabardine, akaishona kwa mukono juu ya uso wa mutoto wake. Akasema, "Mi simuangalie tena." Tangu siku ile hakutaja jina lake mpaka kufa. Na mi sikulitaja, nisimuumize.

Njo vile. Nakupenda sana, hilo unajua, mugongo huu ulikubeba. Lakini neno la muzee wangu ni neno.

Koko

~

Nsungwi, tarehe 21 mwezi wa nane

Koko yangu,

Nakusalimia na heshima. Nimesoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nililia juu ya kola ya mutu, ikabidi niipige pasi upya.

Nilikubali. Naapa nilikubali. Leo nikaamua nirudishe foto kwa Ndayiragije amalize. Nikaiweka kwa meza ya atelier niifunge, ikapinduka, nikaona nyuma ya carton.

Koko, mi ni fundi, nimefundishwa na fundi. Kitambaa kikishonwa mara moja, matundu ni mustari moja. Hapa iko mistari pembeni ya mistari. Uzi wa leo ni mweusi. Lakini ndani ya matundu ya zamani kumebakia vipande: bleu ya uniforme, kaki, nyeupe, ata rose. Nimehesabu mistari kumi na moja. Mama Gabriella alivaa miwani akahesabu naye, akapata vilevile. Kitambaa kilishonwa mara kumi na moja. Maana yake kilifunguliwa mara kumi.

Saba ni mukono wa Babu, naujua nikiwa nimefunga macho. Midogo, sawasawa, kama punje za mchele. Alisema hamuangalie tena, kumbe alikuwa anafungua, anamuangalia, anamufunika tena. Neno unalolilinda, mwenyewe alilivunja zamani.

Lakini inabakia ine. Hizo si za Babu. Zinapanda, zinashuka, zinaruka, na mwisho kuna fundo kubwa kama karanga. Aliyezishona ni mutu asiyejua hata kifungo.

Mi siulizi kitu. Nauliza tu, magoti inaendelea aje?

Mujukuu wako anayekupenda,
Bénie

~

Nsungwi, tarehe 5 mwezi wa tisa

Koko,

Uko muzima kweli? Hamissi amekuja mara mbili mikono mitupu. Anasema ulimuona, ukamupa chai, ukasema barua haiko tayari. Kama nilikukosea, nisamehe. Ule mudomo wangu unanitangulia, unanijua. Foto iko ndani ya sanduku yangu, kitambaa bado iko juu. Niandikie hata mustari moja, hata kunitukana.

Bénie

~

Dzaleka, tarehe 14 mwezi wa tisa

Bénie, mama yangu mudogo,

Nakusalimia. Magoti iko vizuri, mutundu we. Haukunikosea. Nilikuwa nasoma barua yako, naiweka, naichukua tena. Nilifundisha batoto kusoma Bukavu miaka kumi na tano, na barua ya karatasi moja imenichukua wiki tatu.

Ndiyo. Zile ine ni zangu.

Babu alikuwa anaenda kwenye répétition ya chorale, mazoezi ya kuimba kanisani. Nilikuwa nafunga mulango, nashusha foto, nakata uzi, namuangalia mutoto yangu. Namuambia: Bénie ameota meno. Bénie ameanza école. Kisha nashona haraka haraka, sababu chorale ile haikujua kuimba muda mrefu. Nilikuwa namuogopa Babu, si kwamba atanipiga, hakunipiga hata siku moja. Niliogopa nitamuvunja moyo. Nilidhani ye njo mugumu, mi njo dhaifu.

Sasa nikuambie jambo ambalo nimelielewa wiki hizi, nikiwa na barua yako kwa mukono. Kila mara nilipoondoa foto, kwenye pazia kando yake nilikuta sindano imechomekwa, na uzi tayari ndani. Nilifurahi tu. Macho yangu haikuwa inaona tundu ya sindano, ata zamani. Nilisema, huyu muzee anasahau vitu vyake popote. Miaka yote nilisema anasahau!

Bénie, fundi wa namna ile atakosa kuona mushono wangu? Alijua tangu siku ya kwanza. Alijua siwezi kutunga uzi. Njo alikuwa ananitungia.

Na mi sikumuambia kitu, na ye hakuniambia. Tulikaa kwa nyumba moja, kila mutu anaiba mutoto wake mwenyewe. Ningemuuliza mara moja tu, tungemuangalia pamoja, wawili, kwa saa moja. Hilo linaniuma kuliko mashine.

Tangu Babu afe, miaka ine, sindano haina uzi. Sijamuona Fabien tangu hapo.

Njoo samedi, Jumamosi hii. Lete foto. Lete na wembe.

Koko yako

~

Nsungwi, tarehe 24 mwezi wa tisa

Koko yangu,

Nilifika salama. Kabaza, yule wa taxi ya baiskeli, alinipeleka pole pole juu nilimuambia nimebeba famille yangu nzima kwa mugongo.

Nimempa Ndayiragije foto. Akaangalia upande wa kushoto, akaniangalia mi, akacheka: "Hapa hakuna haja ya kuuliza huyu ni nani." Anaikuza, hafuti kitu. Vile vitundu kuzunguka uso wa papa aliuliza kama azifiche na kompyuta. Nikasema aache. Fanya kila kitu, zile acha.

Toka samedi tulipokata ule uzi, najiangalia kwa kila kioo ya Lilongwe. Masikio! Miaka yote nayaficha na foulard, sijui niliyatoa wapi, kumbe yako pale kwa papa, ya mutoto wa miaka kumi na tano, yanashika hewa yote ya Dzaleka. Nilijiandaa kumuchukia, Koko. Nilikuta kijana amevaa shati iliyoshonwa na babake, anajizuia kucheka. Mpaka sasa ninamukasirikia kidogo. Nitaendelea, usinikataze. Lakini sasa namukasirikia mutu.

Ulipoweka kidole kwa uso wake ukasema "Bénie njo huyu, angalia vile amekuwa," nilisahau kukushukuru. Nakushukuru sasa: zikomo, Koko.

Mujukuu wako, mwenye masikio,
Bénie

~

Dzaleka, tarehe 20 mwezi wa kumi

Bénie mupenzi,

Salamu kutoka kwangu na kwa kanisa yote. Niko muzima, nimekula wali na nyama ya fête, nimecheza mpaka Marlène akanikalisha. Yeye alitoka Nathenje na batoto wote watatu. Mama Gabriella afanye vizuri kukupa congé ya kuja fête mwaka ujao, umuambie ni mi nimesema.

Foto yetu iko ya kwanza, karibu na mulango, kubwa kama meza. Pasteur Ambroise alileta karatasi niandike majina chini. Akaninong'oneza, "Na huyu wa kushoto, tuandike nini?" Batu walisogea karibu, unawajua, masikio yao inazidi yako. Nikachukua kalamu yangu ya mwalimu, nikaandika: Zihindula, fundi. Annonciata, muke wake. Marlène, binti. Fabien, mutoto wao, papa ya Bénie. Nikasoma kwa sauti, jina lake nikalisoma mara mbili, juu nilikuwa nimelikalia mbele ya batu miaka makumi mbili.

Sasa sikia. Hamissi ana ndugu Durban, anayeuza vitenge mulango kwa mulango na mafundi Bakongomani. Anasema mmoja wa mafundi wale ni mutu wa Bukavu aliyepita Dzaleka, mupole, anaitwa Fabien, na mashine yake hakubali mutu ashike. Labda ni ye, labda si ye. Hamissi yuko tayari kupeleka barua.

Ile sindano nilimupa Marlène atunge uzi, nikashona kifungo changu mwenyewe. Kimekaa upande. Usikiguse ukija.

Na barua nimeianza. Nimechana karatasi tano. Nilitaka kuanza na mashine, nikaona hapana. Nikataka kuanza na Babu, nikalia. Mwisho nimeandika mustari moja tu, nao nauacha vile, uende, uniambie kama uko sawa:

Fabien mutoto yangu, uko muzima? Sisi tuko wazima, na uso wako uko inje.

Koko yako,
Annonciata